Tuta la Lenga-lenga la Salamabila

Salamabila, siku ya Jumatano, mvua imetulia kidogo

Mama Faida, bibi yangu,

Kabla hujaketi, ujue kwamba bwana wako njo mutu mwenye bahati kuliko wote walioko kwenye mulima huu. Wenzangu wanachimba mwaka muzima, wanaingia chini ya ardhi kama panya, wanatoka na kikohozi. Mimi dhahabu ilinifuata mpaka nyuma ya nyumba, ikalala chini ya mboga, ikaningojea. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo? Hata wale wenye mashine kubwa hawajajua bado kupanda lenga-lenga, muchicha wetu huu, na kuvuna dhahabu. Basi unisifu kidogo, halafu usome pole pole mpaka mwisho.

Hamujambo hapo Kasongo? Kifua cha mama mukwe kimepata nafuu, au bado anakataa dawa kwa sababu ni chungu? Faida anaenda kalasini kila siku au anajifanya mugonjwa siku ya hesabu kama baba yake? Na Dieudonné, ameacha kula udongo wa ukutani? Gurudumu la nyuma la baiskeli yako, nani amelitengeneza? Ninauliza yote haya kwa pamoja kwa sababu nimekaa miezi mingi bila kuuliza, na ninajua unalihesabu hilo. Mimi mwili ni muzima, ukiondoa mugongo, na mugongo sihesabu, ni wa pedeje. Pedeje njo tunavyomuita mwenye shimo.

Unajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu iko. Reso ya simu hapa inapatikana juu ya kilima peke yake, na juu kule watu wanasimama wamebanana, mukono mumoja juu kama wanaapa mahakamani, kila mutu anasikia mambo ya nyumba ya mwenzake. Tangu nikupigie ile Ijumaa nimepanda kilimani mara mbili, nikaishika simu, nikashuka. Kwenye simu mudomo wangu unakimbia mbele yangu. Kwenye karatasi, mimi niliyeacha sekondari mwaka wa pili, kila neno linatoka na jasho, kwa hiyo halikimbii. Motari wa pikipiki anayeshuka Kasongo kesho nimemuambia: barua hii mukononi mwa Mama Faida mwenyewe, asimupe mutu mwingine, hata pasta.

Maana ninajua umeanza kufunga vyombo. Na ninajua kwamba Jumapili, baada ya ibada, utasimama mbele ya familia na kumukabidhi bibi ya kaka yako shamba lako la bondeni, lile mama yako alilokupa. Wewe na mimi tunajua shamba la bonde lilivyo. Halikai bila mutu. Mwingine akishapanda mule, huwezi kurudi mwaka ujao kusema ni langu. Utasimama ukingoni na kuangalia bilinganya za watu. Kwa hiyo nataka ujue habari yote ya hili tuta, toka mwanzo, kabla Jumapili haijafika.

Unakumbuka siku ile ninaondoka? Niko juu ya pikipiki, muzigo umefungwa, kaka yako amesimama, majirani wamesimama, ukasema kwa sauti: «Musafiri, mimi siwezi kuhamia mahali ambapo ninanunua lenga-lenga.» Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini neno lile lilipanda pikipiki pamoja nami, likakaa kati yangu na motari mpaka Salamabila, na mpaka leo halijashuka.

Na ulikuwa na haki. Hapa ardhi wameipindua tumbo juu. Udongo muzuri umeenda na maji, mawe yamebaki. Ukipiga jembe nyuma ya nyumba, jembe linalia kaa! na mukono unakufa ganzi mpaka begani. Lenga-lenga inafika na motari kutoka upande wa Wamaza, imefungwa nyuma na kamba, imekunywa vumbi njia nzima; ikifika inafanana na kitambaa cha kufutia meza. Na watu wanaigombania! Wanaume wenye dhahabu kwenye mufuko wa shati wanasukumana kwa majani ambayo wewe unawatupia bata.

Nikasema: kama chini hakufai, nitapanda juu. Nitajenga tuta lenye ukuta wa mbao, mpaka magotini, nilijaze udongo wa kweli. Mama Zaina, yule mama wa Kasongo anayepikia wachimbaji, nyumba yetu na yake zinatazamana, alikuwa na mbao za zamani zilizotoka kwenye mufereji wa kuoshea muchanga. Alinipa zote. Alisema, «Baba Faida, chukua, lakini nikipika na nyanya zako usinitoze.» Nikamuambia, «Mama, wewe utakula kama bibi wa gavana.»

Nilijenga vizuri, ungekuwepo ungekosa neno la kunikosoa. Urefu hatua saba. Upana, mukono wangu ufike katikati kutoka kila upande, vile ulivyokuwa unanifokea siku zote: mutu asikanyage udongo wa mboga. Chini nikaweka mawe ili maji yapite, mawe hapa hayaulizwi bei. Juu ya mawe vipande vya mugomba, juu yake udongo, na juu ya udongo mavi ya mbuzi kutoka kwa muchinjaji, yaliyokauka, niliyoyaponda kwa mikono yangu hii. Kosa moja tu: vigingi vya kushika mbao nilivikata kwenye miti mibichi. Bwana we! Kabla mboga hazijatoka, vigingi vikatoa majani. Byamungu, kijana wa upande wa Bukavu ninayekaa naye nyumba moja, alikuwa anasimama asubuhi na muswaki mudomoni, anasema, «Baba Faida, mboga zako ndefu kweli. Tutakula na shoka.»

Tatizo lilianza na udongo. Udongo mweusi uko ng'ambo ya kijito, porini. Nilikuwa ninaubeba mugongoni kila asubuhi kabla ya kazi, na mifuko niliyokuwa nayo ni ileile ya shimo. Sasa sikiliza vile hapa iko. Muchanga wa shimo unaoshwa mbele ya ekipi nzima, wachimbaji wote wa shimo, na mbele ya pedeje. Mutu anayepeleka mufuko nyumbani kwake ni mwizi, hakuna maneno mengine. Na mimi, siku kumi na mbili, watu wananiona ninatoka upande wa kijito, nimeinama, mufuko umejaa, ninaingia nyuma ya nyumba, na siku hiyo sioshi kitu.

Byamungu alinionya. «Yaya,» akasema, maana ananiita kaka mukubwa, «beba na karai, watu waone ni udongo.»

Nikasema, «Niwaoneshe kwa nini? Ni wachumba wangu?»

Pedeje akaniita. Ameketi, ekipi yote imesimama. «Musafiri, ni nini kwenye mifuko?»

«Udongo, pedeje.»

«Udongo wa nini?»

«Wa lenga-lenga.»

Watu wote wakacheka, Mama Faida. Ningefunga mudomo pale, leo ningekuwa ninakuandikia habari nyingine. Lakini wewe unanijua. Mutu mumoja akicheka ninaongeza. Wakicheka kumi, nimepotea. Nikasema, «Pedeje, udongo ule si wa kila mutu. Kuna kitu kinalala mule ndani. Siku mboga zangu zitakapotoka na meno ya dhahabu, musiseme sikuwaambia.» Wakacheka mpaka mumoja akashika ukuta. Pedeje hakucheka. Aliniangalia kama mutu anavyoangalia mizani ya muchuuzi.

Basi, mbegu ulizonitumia kwenye kitambaa chenye fundo, nikazichanganya na muchanga kama ulivyosema, lakini nilizimwaga zote siku moja. Zikatoka kama ndevu. Siku ya nne nilipiga magoti pale nyuma, mimi mutu muzima, ninaangalia vitu vyekundu vidogo kama uzi, na nilifurahi kuliko siku ya kwanza niliyoshika dhahabu. Dhahabu unaishika na unawaza wizi. Hivi nilikuwa ninaviangalia tu.

Zilipokuwa nyingi mno nikang'oa zile zilizobanana, nikampelekea Mama Zaina, akaziweka na mawese na pilipili kidogo. Watu wa shimo walikula siku ile mpaka wakakwangua sufuria. Byamungu alifunga macho. Halafu akafungua, akasema, «Hii inatoka kwa mutu nyumbani.» Alikuwa anasema juu yako, bila kukujua. Usiku ule, ninakuambia kweli, nililala kama mwenye parseli, kiwanja chake mwenyewe.

Sasa kuku. Mama Zaina alikuwa na kuku mwekundu, kichwa kigumu, aliyeipenda bustani yangu kuliko mahindi. Kila siku yuko juu ya tuta, anachakura. Na mimi kila siku niko ninamutukana, kartiye yote, mutaa muzima, inasikia: «Wewe kuku, Salamabila yote iko na mashimo, wewe unachimba kwangu tu! Karte yako ya ruhusa ya uchimbaji iko wapi?» Watu walizoea kunisikia. Watoto walikuwa wananiiga.

Ijumaa ile Mama Zaina akapata wageni, akachinja yule kuku. Hapa wanawake hawatupi firigisi bila kuifungua. Wanaipasua, wanaisafisha kwenye kikombe, wanaangalia chini ya kikombe. Wewe cheka, lakini hapa njo desturi. Mama Zaina akaangalia chini ya kikombe, akapiga kelele. Punje moja ya dhahabu, nusu ya muchele.

Kuku huyu alikuwa anachakura wapi? Watu waliulizana, na hakuna aliyehitaji jibu. Nani hakunisikia? *Unachimba kwangu tu.* Midomo yote iligeuka upande wa nyumba yangu. Na mbaya zaidi ni hili: mudomo wangu pia uligeuka. Nilisimama nikaangalia tuta langu, na maneno yangu mwenyewe niliyoyasema kwa pedeje kwa kuchekesha watu yakanirudia kichwani kana kwamba yamesemwa na mutu mwenye akili. Kuna kitu kinalala mule ndani. Nikajiuliza, kwa nini nilisema vile? Labda moyo ulijua.

Byamungu akanishika mukono. «Yaya, fikiri. Kuku anatembea kote. Hapa muji muzima ni muchanga wa dhahabu uliomwagwa. Punje hii anaweza kuwa ameiokota mulangoni kwa mutu yeyote.»

«Wewe unaogopa bahati.»

«Sawa, ninaogopa. Lakini ngoja wiki moja. Mboga zimebakiza wiki moja. Kula mboga, halafu osha udongo. Udongo hauozi.»

Mutu akikuambia neno kama lile, unapaswa kumunulia bia. Mimi nilimuambia, «Njo maana ninyi watu wa milimani munabaki kuvaa kandambili.» Mbele ya watu nilimuambia hivyo.

Ilikuwa saa sita, jua kali. Watu walikuja na karai zao. Pedeje akaja, mikono nyuma, akasema, «Osha mbele yangu,» na mimi nikaona ni heshima. Lenga-lenga nilizing'oa mimi mwenyewe, Mama Faida. Hakuna aliyenilazimisha. Nilizing'oa kwa mikono miwili, na mizizi nikaitikisa juu ya karai, muche mumoja mumoja, nikaipiga-piga kwa vidole ili udongo wote uanguke, hata punje isipotee. Ungeniona ungesema ninawaogesha watoto.

Kwenye karai ya kwanza kitu kikang'aa. Watu wakapiga mbinja. Sikungoja karai ya pili. Nilikimbia kilimani, viatu vyenye matope, nikakupigia. Ulisikia nilivyokuwa ninahema. Nilikuambia, «Funga vyombo. Shamba mupe bibi ya kaka yako, tumemalizana na kuinama.» Nilidhani reso imekatika. Halafu uliuliza kitu kimoja tu: «Na lenga-lenga?»

Nikasema, «Iko.»

Zilikuwa zimelala kwenye matope, Mama Faida, chini kule, na mizizi yake iko wazi, wakati ninakuambia iko.

Niliposhuka, mutu mumoja alikuwa amesema habari ya mbao. Mbao zilitoka kwenye mufereji wa dhahabu, miaka mingi zilikunywa dhahabu, kwa nini tusizichome tuoshe majivu? Hapa wanafanya hivyo kweli, si wazimu. Wakaniangalia. Nikasema, «Chomeni.» Na vigingi vile vilivyokuwa vimetoa majani vikatupwa motoni pia; vibichi, vikatoa moshi muzito mpaka tukalia machozi, na tukaendelea kuosha huku tunalia. Karai baada ya karai. Udongo niliobeba siku kumi na mbili ulienda na maji muchana mumoja, ukashuka kwenye mutaro wa jirani. Mpaka mavi ya mbuzi tuliyaosha.

Jua lilipoegemea, Mama Zaina akaja na beseni. Akasimama pembeni, kwa adabu, kama mutu aliyefika kwenye matanga. «Baba Faida, ninaweza kuokota hizi?»

Nikasema, «Okota, mama.»

Alizipika. Nilikula pamoja na wengine. Zilikuwa changa bado, muchanga unalia kwenye meno, na zilikuwa tamu. Pedeje alikula sahani yake akamaliza, akasimama, akaniwekea mukono begani. «Pole, mulimaji,» akasema, akaenda zake. Byamungu hakusema kitu, na mpaka leo hajasema. Angenitukana ningepumua. Ananigawia sabuni yake, ananiamsha kazini, anasema yaya hivi, yaya vile, kama hakuna kilichotokea. Nyuma ya nyumba yamebaki mawe, na mvua ikinyesha inayajaza maji.

Ninajua unavyosoma. Umefika hapa na uso umekunja, unatafuta mustari mumoja tu, na mimi niko ninaogopa mustari huo kuliko nilivyowahi kuogopa shimo. Ngoja kwanza niwasalimie watu, nipate nguvu.

Umusalimie mama mukwe, mama yetu sote. Umuambie dawa chungu anywe, mimi nimekula kichungu zaidi na bado ninatembea. Umusalimie muzee Kalenga, katekista aliyetufungisha ndoa, aniombee bila kuuliza kwa nini. Faida, mutoto wangu wa kwanza, umuambie hesabu ni kitu cha lazima, baba yake hakuijua. Dieudonné umubusu kwenye kitovu, atacheka. Umusalimie kaka yako, shemeji yangu, pele yake, lile koleo, bado ninayo na haijavunjika. Na bibi yake, shemeji wa kike, umusalimie kwa sauti ya chini, umuombe samahani kwa niaba yangu, kwa sababu Jumapili atakuja amevaa vizuri na shamba hutamupa.

Usimupe, Mama Faida. Fungua vyombo. Rudisha sufuria mahali pake. Waambie familia bwana wako ni muongo. Mimi sitakataa, na wengi hawatashangaa. Kile kilichong'aa kwenye karai ya kwanza ni vijiwe vinavyong'aa tu, hata mutoto wa hapa hawezi kuinama kwa ajili yake. Nilijua siku ileile kabla jua halijazama, nikakuacha unafunga vyombo siku tano. Na leo nilipoanza barua hii nikaanza tena na uongo uleule, kwa sababu sijui kukuandikia nikiwa mutu bure.

Ni mimi Musafiri, baba ya Faida na Dieudonné. Dhahabu sikupata, hata punje. Na lenga-lenga haiko.